Namna ya Kumfuata na Kumvua Taponi Katika Misimu Yake ya Kuhama

Taponi wa Atlantiki ni samaki anayeweza kuzidi urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 100, mwenye magamba mapana ya rangi ya fedha na taya la chini lililochomoza kuelekea juu. Nyama yake imejaa miiba, na nchini Marekani ni nadra kumwona mtu akimla. Anatafutwa kwa ajili ya nguvu zake, na kwa jinsi anavyoruka nje ya maji mara anapohisi ndoana. Wengi wanaorudi mikono mitupu hawakuangushwa na vifaa vyao. Walifika mahali pazuri wiki tatu kabla ya samaki, au walifika kwa wakati lakini wakatia chambo saa ambayo maji yamesimama. Ndiyo maana maelezo haya yanaanza na safari ya samaki mwenyewe, yanaendelea na mwendo wa maji, na vifaa vinakuja baadaye tena kwa ufupi.

Samaki huyu hupatikana pande zote mbili za Atlantiki: upande wa magharibi kuanzia pwani ya Virginia, kupitia Ghuba ya Mexico na Karibea, hadi Brazili, na upande wa Afrika kuanzia Senegali hadi Angola. Rekodi ya dunia ya taponi aliyevuliwa kwa fimbo, mwenye uzito wa takriban kilo 130, ilitoka Guinea-Bisau mwaka 2003. Hata hivyo uvuvi huu wa burudani ulikulia Florida, ambako W. H. Wood hutajwa kwa kawaida kuwa wa kwanza kumvua taponi mkubwa kwa fimbo na rili, karibu na Punta Rassa, mwaka 1885. Pwani za Florida na za Ghuba ya Mexico ndizo zinazoelezwa hapa, kwa sababu huko ndiko msafara wa samaki hawa unakojulikana vizuri zaidi.

Kipimajoto kwanza, kalenda baadaye

Taponi ni samaki wa maji ya joto, na baridi kali humuua. Mnamo Januari 2010, baridi iliyodumu siku nyingi ilipoikumba Florida, taponi walikuwa miongoni mwa samaki walioelea wakiwa wamekufa katika hori na mifereji ya kusini. Maji yanapokuwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi samaki wakubwa huwa wamejificha kusini zaidi au katika vilindi, na hata wale wachache wanaoonekana huwa wazito kula. Mwendo wao hasa huanza maji ya pwani yanapokaribia nyuzi 24, na hushika kasi yanapofika 26. Mvuvi mwenye busara, kabla ya kukodi mashua, hufuatilia joto la bahari kwa wiki mbili au tatu katika vituo vinavyotangaza vipimo vya pwani, na huamua safari yake kwa kuangalia jinsi vipimo vinavyopanda. Siku tatu za upepo wa baridi mwezi wa Aprili zinaweza kuwarudisha samaki nyuma, na kalenda haitamwonya mtu kuhusu jambo hilo.

Kwa ujumla msafara huenda hivi. Samaki wa kwanza wakubwa huonekana karibu na Key West siku zenye utulivu mwishoni mwa majira ya baridi, mwezi wa Februari na Machi, kisha huongezeka katika visiwa vyote vya Florida Keys kuanzia Aprili hadi Juni. Pwani ya magharibi ya Florida hupata zamu yake kubwa Mei na Juni: Mlango wa Boca Grande, mdomo wa Ghuba ya Tampa, na maji mafupi ya Homosassa, yaliyopata sifa kwa sababu ya samaki wakubwa kupita kiasi wanaovuliwa kwa chambo cha manyoya, yaani chambo bandia chepesi kilichofungwa kwa manyoya. Baada ya hapo baadhi huendelea kaskazini na magharibi, wakafika mdomo wa mto Mississippi katika Louisiana wakati wa joto kali, kuanzia Julai hadi Septemba, huku wengine wakipanda upande wa Atlantiki hadi Georgia, Carolina ya Kusini na hata hori za Virginia mwezi wa Julai na Agosti. Kundi la magharibi lina njia yake: alama za setilaiti zimeonyesha taponi wakisafiri kati ya pwani ya Veracruz, nchini Mexico, na maji ya Texas na Louisiana.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Msafara huu haufanywi na kila samaki. Wapo wanaosafiri mamia ya kilomita kila mwaka, na wapo wanaobaki katika eneo dogo miezi yote kumi na miwili, hasa wale wadogo ambao bado hawajakomaa. Taponi hukomaa akiwa na umri wa takriban miaka 10, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo samaki wa kilo 60 anayepita mbele ya mashua huenda amekwisha kuipita njia hiyo mara nyingi, na amekwisha kusikia injini nyingi kuliko mvuvi anayemvizia.

Sababu ya wakubwa kukusanyika Mei na Juni karibu na milango ya bahari ni uzazi. Hukusanyika karibu na pwani, kisha huelekea bahari kuu kutaga, hasa nyakati zinazokaribiana na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mabuu yao, ambayo ni membamba na maangavu kama utepe wa kioo, husukumwa na mikondo hadi kwenye mikoko na vinamasi vya pwani, katika maji yenye hewa haba ambamo samaki wengi wawindaji hawawezi kukaa. Taponi huyamudu maji hayo kwa kuwa kibofu chake cha hewa hufanya kazi kama pafu: hupanda juu, hugugumia hewa, hushuka. Tabia hiyo haimwachi hata akiwa mkubwa, na ndiyo inayomwezesha mvuvi kumwona.

Bamvua, na saa zinazostahili kusubiriwa

Joto la maji humwambia mvuvi wiki ya kwenda, na mwendo wa maji humwambia saa. Taponi hula zaidi maji yanapokwenda. Mkondo ukisimama, samaki wanaweza kuonekana wakibiringika juu kila dakika bila hata mmoja wao kugusa chambo, na mgeni huchosha mikono yake bure kwa kudhani kwamba wingi wa samaki ni sawa na njaa yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Boca Grande. Wakati wa bamvua za Mei na Juni, maji yanapoanza kupwa kwa nguvu alasiri, ghuba nzima iliyo nyuma ya mlango huo hujimwaga katika njia moja nyembamba na ya kina kirefu. Mkondo huo hubeba kaa wadogo waliokuwa katika majani ya bahari, nao huelea juu wakielekea baharini bila uwezo wa kujizuia. Taponi hupanda kuwapokea. Saa hizo chache huzidi kwa thamani siku nzima ya maji mafu, na nahodha mzuri hupanga safari yake yote kwa ajili yake. Chambo chake siku hiyo ni kaa hai mwenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, aliyetungwa kwenye pembe ya gamba na kuachwa aelee pamoja na wenzake. Mvuvi akitumia dagaa papa au samaki mwingine saa hiyo hiyo anaweza kupata kitu, lakini anashindana na mto wa chakula ambacho samaki wamekwisha kukichagua.

Katika Florida Keys, maji hupita chini ya madaraja ya barabara inayounganisha visiwa, na samaki hukaa kwenye kivuli cha daraja wakisubiri kinacholetwa na mkondo. Bahia Honda na Seven Mile Bridge ni mahali panapojulikana sana kwa uvuvi huu, na usiku hapo huwa bora kuliko mchana. Mashua hutia nanga upande ambao mkondo unatokea, chambo kikaachwa kirudi nyuma hadi ukingo wa kivuli. Kamba ya nanga sharti ifungwe boya mwishoni, ili samaki akinasa iachiliwe mara moja na mashua imfuate kabla hajaizungusha nguzo kwa mshipi. Anayesahau boya hilo atachagua kati ya nanga na samaki, tena kwa haraka.

Huko huko Keys hutokea jambo jingine ambalo halina mfano kwingine kwa urahisi wake na kwa ugumu wake. Jioni fulani za mwishoni mwa Mei na za Juni, karibu na mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapopwa wakati jua linatua, minyoo midogo ya rangi ya hudhurungi hutoka katika mawe ya chini ya bahari na kuogelea juu kwa maelfu. Taponi huwala kwa wingi na hukataa takriban kila kitu kingine. Mwenye chambo cha manyoya chenye urefu wa kidole na rangi ya mnyoo huyo anaweza kunasa samaki watatu kabla ya giza, na mwenye kaa bora kabisa anaweza kubaki mtazamaji.

Majira ya vuli yana chambo chake pia. Kuanzia Septemba hadi Novemba makundi ya mkizi hushuka kusini kando ya pwani ya mashariki ya Florida, karibu na fukwe, na taponi huandamana nayo wakirudi kwenye joto. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi, na hapa tijara ni ya aina yake: mahali mkizi wanaporuka kwa hofu ndipo pa kutupa, na mkizi hai aliyetungwa kwenye mdomo ndiye chambo kisichohitaji ufundi mwingi.

Kumsoma samaki na kumkaribia

Taponi akija juu kuvuta hewa hubiringika, mgongo na pezi vikaonekana kwa sekunde moja. Samaki anayebiringika polepole, mmoja baada ya mwingine katika kundi, ametulia na anaweza kula. Anayetokeza ghafla na kupiga maji kwa mkia ameshtuka, na kumfukuza ni kupoteza muda wa watu wote walio karibu. Wakati mwingine kundi huzunguka duara mahali pamoja, kila mmoja akifuata mkia wa mwenzake. Duara hilo ni nafasi nzuri kuliko zote, kwa kuwa samaki wako mahali pamoja na vichwa vyao vinapita mbele ya mvuvi kwa zamu.

Ukaribiaji ndio unaotenganisha wavuvi. Kundi linalosafiri kando ya ufuo lina mwelekeo, na kazi ya nahodha ni kuutambua, kulizunguka kwa mbali sana, kisha kuzima injini mita mia kadhaa mbele yake na kusubiri likija lenyewe. Mashua isogezwe kwa upondo au kwa mota ndogo ya umeme inayotumika kwa mwendo wa chini usiobadilika badilika, kwa sababu mlio unaowashwa na kuzimwa huwashtua samaki kuliko mlio mdogo unaoendelea. Mashua ikiwako nyingine iliyokwisha kujipanga mbele ya kundi, ya pili hukaa nyuma yake au hutafuta kundi jingine. Hakuna sheria iliyoandikwa inayomlazimisha mtu kufanya hivyo, lakini anayekatiza njia ya mwenzake huwaharibia wote wawili uvuvi wa siku hiyo.

Maumbile ya mdomo wa taponi yanaeleza mahali pa kuweka chambo. Macho yake na taya lake vimeelekea juu, kwa hiyo hula kilicho kwenye kina chake au juu yake kidogo, na mara chache hugeuka chini. Chambo kilichozama chini ya tumbo lake ni kama hakipo. Kitupwe mita 2 hadi 3 mbele ya samaki wa kwanza na kupita njia yake kidogo, kisha kivutwe polepole mpaka kikutane na njia hiyo. Jambo la kuogopa kuliko kutupa mbali ni chambo kinachomwendea samaki usoni: viumbe vinavyoliwa baharini hukimbia, havishambulii, na taponi akiona kaa au kidagaa kinamkabili hushtuka na kulitawanya kundi lote.

Miwani ya kuzuia mng'aro ni ya lazima kwa kazi hii ya mchana. Bila miwani hiyo, mvuvi huona anga juu ya maji na huwakosa samaki waliolala chini yake.

Vifaa kwa ufupi

Kwa samaki wa kilo 40 hadi 70, fimbo yenye urefu wa mita 2.1 hadi 2.4 na rili inayobeba angalau mita 250 za mshipi wa kusuka wa nguvu ya pauni 50 hadi 65 zinatosha. Mbele ya mshipi huo hufungwa kipande kinene cha nguvu ya pauni 60 hadi 80, kwa kuwa midomo ya taponi hukwaruza kama tupa. Ndoana iwe ya duara, yaani yenye ncha iliyopinda kuelekea ndani, na iwe na nguvu na makali. Kwa chambo cha manyoya hutumika fimbo zake maalumu za namba 11 au 12 (namba ikiwa kubwa, fimbo ina nguvu zaidi), na kwa taponi wadogo wa mikokoni fimbo ya namba 8 inatosha na inapendeza zaidi. Breki ya rili ipimwe kwa mizani nchi kavu kabla ya safari. Kukisia kwa mkono humdanganya hata mzoefu.

Kunasa, kupigana, na hewa

Mdomo wa taponi kwa sehemu kubwa ni mfupa. Kwa ndoana ya duara, mvuvi asivute fimbo kwa kishindo anapohisi mguso; aielekeze kwa samaki, azungushe rili mfululizo mpaka uzito uje, ndipo aiinue. Ndoana hujigeuza yenyewe na kushika pembe ya mdomo, mahali penye ngozi. Mwenye chambo cha manyoya huvuta mshipi kwa mkono mara mbili au tatu kwa nguvu, fimbo ikiwa bado imenyooka.

Kisha samaki ataruka, na hapo mwili hutaka kufanya kinyume cha kinachotakiwa. Mara taponi anapotoka majini, fimbo isukumwe mbele kumwelekea na mshipi ulegee. Akiwa majini uzito wake unabebwa na bahari. Akiwa hewani, kilo zote hizo zinatikisika zikining'inia kwenye mshipi na ndoana, na mshipi uliokazwa hukatika au ndoana hung'oka. Akirudi majini, mshipi ukazwe tena mara moja.

Mapambano mengine yote ni ya pembeni. Fimbo iliyosimama wima humpa samaki nafasi ya kupumzika na humchosha mwenye fimbo. Ilazwe karibu na maji na ivute upande ulio kinyume na aendako samaki, na upande ubadilishwe kila anapogeuka, ili kichwa chake kisipate mwendo ulionyooka. Mashua imfuate kwa ukaribu. Samaki aliye mita 30 anapigwa vita, ila aliye mita 200 anasubiriwa tu. Akianza kupanda juu kuvuta hewa, avutwe chini na pembeni kabla hajafika, kwa sababu funda moja la hewa humrudishia nguvu za dakika kadhaa. Pambano la nusu saa linafaa. Likizidi saa moja, ama vifaa ni vyepesi mno ama mvuvi anaogopa kutumia nguvu ya vifaa vyake, na anayelipa gharama ni samaki.

Sheria na kumwachilia

Huko Florida, tangu mwaka 2013, taponi huvuliwa ili aachiliwe. Anayetaka kumchukua kwa ajili ya kutafuta rekodi sharti awe na kibali maalumu cha kufunga kwenye samaki, kimoja kwa mtu kwa mwaka. Taponi mwenye urefu unaozidi inchi 40, yaani takriban sentimita 102 kutoka mdomoni hadi kwenye panda ya mkia, haruhusiwi kutolewa majini hata kwa picha. Katika Mlango wa Boca Grande ni marufuku kutumia chambo chenye risasi iliyofungwa chini ya ndoana, kwa hoja kwamba hunasa samaki mwilini badala ya mdomoni, na kati ya Aprili na Juni mashua haitumii zaidi ya mishipi 3 kwa wakati mmoja. Texas inaruhusu kuchukua mmoja kwa siku, lakini awe na urefu wa inchi 85 au zaidi, yaani takriban sentimita 216, na wa kiwango hicho ni wachache. Leseni ya uvuvi wa bahari inahitajika. Huko Florida, abiria wa mashua ya kukodi kwa kawaida hubebwa na leseni ya nahodha.

Samaki akifika ubavuni, ashikwe taya la chini kwa mkono wenye glavu, ndoana itolewe kwa koleo, na picha ipigwe akiwa ndani ya maji. Vidole visiingie kwenye matamvua. Akiwa amelegea, aelekezwe kichwa mbele na mashua iende polepole sana ili maji yapite mdomoni mwake, mpaka aanze kusukuma mkia mwenyewe. Asiachiwe kabla ya hapo.

Papa wakubwa hufuata msafara wa taponi kila mwaka, hasa kwenye milango ya bahari na madaraja. Papa akionekana wakati wa mapambano, breki ya rili ifunguliwe kabisa ili samaki akimbie akiwa na nguvu alizobakiza, au mshipi ukatwe karibu na samaki kadiri inavyowezekana. Papa akionekana wakati samaki amekwisha kufika mashuani, asiachiliwe hapo hapo. Mashua imsogeze taratibu mbali na mahali hapo, apewe pumzi, ndipo aachiwe. Baada ya hapo ni heri kuhamia mahali pengine kabla ya kutia chambo tena.